Maji Yaliyolala Katika Mabomba ya Hospitali

Tumeombwa na wanachama wetu walio katika kazi ya afya, na wengine walio katika kazi ya ujenzi, tuseme neno juu ya maji ya hospitali za zamani. Tumekubali, ijapokuwa twajua kwamba neno lenyewe halitawapendeza wakubwa wetu, wala halitawapendeza baadhi yetu sisi wenyewe tushikao kalamu. Ila tumekwisha choka kuona kwamba likitokea jambo baya hospitalini, mtu wa kwanza kuitwa ofisini ni fundi bomba, na wa pili ni karani wa stoo, na baada ya hao wawili haitwi mtu tena.

Jambo lenyewe ni hili. Katika maji ya mito na maziwa wamo vijidudu wengi wasioonekana kwa macho, na kabila moja lao limeitwa Legionela. Huko nje hawana nguvu kubwa, maana ni wachache. Lakini wakiingia katika mabomba ya nyumba kubwa, wakayakuta maji yenye uvuguvugu kati ya nyuzi 20 na 45 za Selsiasi, tena maji yaliyosimama, hapo hupata makao. Ndani ya bomba la zamani mna kutu na magamba, juu ya kutu hutanda ukoga, na ndani ya ukoga huishi wadudu wengine wadogo sana waitwao ameba, ambao chakula chao ni bakteria. Legionela akimezwa na ameba hafi. Huzaana mle mle ndani mpaka ameba apasuke, nao watoke kwa wingi. Na maadamu wamejificha katika ukoga au ndani ya ameba, dawa ya klorini huwapita juu juu kama mvua ipitavyo juu ya makuti mapya.

Mtu hapati ugonjwa huu kwa kukaa karibu na mwenziwe aliyeugua, wala si kwa kunywa maji tu. Huupata kwa kuvuta pumzi yenye matone madogo ya maji, kama yale yarukayo bilula ifunguliwapo kwa nguvu, au mtu aogapo chini ya manyunyu; ama kwa maji kupotea njia kooni yakashukia mapafuni. Mwenye afya yake aghalabu hupita salama. Lakini mzee, na mvutaji tumbaku wa miaka mingi, na mwenye kifua kibovu, na yule ambaye kinga ya mwili wake imepunguzwa na dawa za saratani au dawa za figo ya kupandikizwa, hao hushikwa na kichomi kikali. Huko Marekani imehesabiwa kwamba katika wagonjwa kumi wa Legionela mmoja hufa, na katika wale walioupata hospitalini, kila wanne hufa mmoja. Basi na aangalie kila mtu jinsi maji haya yanavyochagua: huwatafuta wale wale tuliowapeleka hospitalini ili wapone.

Na kwa nini hospitali za zamani kuliko nyingine? Sisi tulio ndani ya majengo hayo twaijua sababu kuliko mgeni. Jengo lilijengwa kwa vitanda vichache. Baadaye liliongezwa upande mmoja, kisha upande wa pili, kila upande na injinia wake na mabomba yake. Chumba cha kuogea kiligeuzwa ofisi ya karani (baadhi yetu tumekalia ofisi za namna hiyo miaka mingi, na alama za vigae bado zi ukutani), beseni likaondolewa, bilula ikakatwa, na bomba likazibwa kwa kizibo, likapakwa chokaa. Fundi akaenda zake, na mkubwa wake akatia sahihi kwamba kazi imekwisha. Lakini maji yaliyomo katika kipande kile hayakwenda popote. Ni kichochoro kisichotokea. Yamelala mle mwaka hata mwaka, na kila pampu ikishtuka, machache hurudi nyuma yakachanganyika na maji yaendayo wadini. Ramani ya kwanza ya mabomba ilikwisha liwa na mchwa, au imo katika kabati ambalo ufunguo wake aliondoka nao mtu aliyehamishwa. Ramani ya pili haikuchorwa kabisa.

Wako wasemao kwamba ugonjwa huu haujulikani vema, kwa hiyo tusiwalaumu watu. Hawa na wasikilize habari hizi.

Mwaka 1965, mjini Washington nchini Marekani, katika hospitali ya wagonjwa wa akili iitwayo St. Elizabeths, iliyofunguliwa mwaka 1855, watu 81 walishikwa na kichomi kwa pamoja, na zaidi ya 10 wakafa. Sababu haikuonekana. Lakini matabibu walifanya jambo moja ambalo kila karani mwema atalisifu: walichukua damu ya wagonjwa wale, wakaiandika majina na tarehe, wakaiweka akiba. Ikapita miaka kumi na zaidi. Mwezi wa Julai 1976 askari wastaafu wa chama cha American Legion walifanya mkutano wao Philadelphia katika hoteli ya Bellevue-Stratford, nyumba ya tangu mwaka 1904. Waliougua walikuwa 221, na waliokufa 34. Mwezi wa Januari 1977 ikatangazwa kwamba Dr. Joseph McDade wa idara ya Marekani ya kuzuia magonjwa amemwona kijidudu mwenyewe, naye akapewa jina la askari wale. Ndipo ile damu ya mwaka 1965 ilipotolewa katika akiba, ikapimwa, nayo ikatoa ushahidi. (Huko Washington walishuku udongo uliochimbwa uwanjani kuliko mabomba; lakini twataja habari hii kwa ajili ya daftari, si kwa ajili ya bomba.) Na mwaka 1980 matabibu wa Oxford, Uingereza, waliandika kwamba wamemkuta kijidudu yule yule katika manyunyu ya kuogea ya wagonjwa waliopandikizwa figo. Basi tangu mwaka ule hapana mkuu wa hospitali awezaye kusema kwamba hakuambiwa.

Sasa tuje kwenye habari ya Pittsburgh, ambayo twapenda kila mwanachama aisome mara mbili, maana waliomo humo ni watumishi wa Serikali kama sisi, wenye vyeo na madaftari na ripoti za kila mwezi.

Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania, Serikali ya Marekani ina hospitali ya askari wastaafu, jengo la katikati ya karne iliyopita. Hospitali hii haikuwa na ujinga. Kinyume chake, maabara yake ilikuwa na sifa duniani kote kwa elimu ya Legionela, na ndani ya mabomba yake kulitiwa mtambo utoao chembe za shaba na fedha katika maji ya moto ili kuwaua vijidudu. Watu walitoka mbali kuja kujifunza kwao. Lakini mwaka 2006 wakubwa waliifunga maabara ile, na maelfu ya vijidudu waliokuwa wamehifadhiwa humo kwa miaka mingi, kila mmoja na maandishi yake, wakatupwa. Jambo hilo lilifika hata mbele ya kamati ya Bunge la nchi ile mwaka 2008. Mtambo ukabaki. Wakubwa waliuona upo, wakaridhika.

Kuanzia mwezi wa Februari 2011 hata Novemba 2012, wagonjwa walipata Legionela katika hospitali hiyo, na watu 5 kwa uchache walikufa. Walikuwa wazee waliopigana vita vya nchi yao wakarudi salama. Mwezi wa Aprili 2013 mkaguzi mkuu wa idara ile ile alitoa ripoti yake. Alisema nini? Hakusema kwamba ilikosekana elimu, wala hakusema kwamba ulikosekana mtambo. Alisema kwamba mtambo haukuangaliwa kama ilivyopasa. Kwamba kwa vipindi virefu vipimo vyake havikuandikwa kwa utaratibu. Kwamba bilula na manyunyu ya maji ya moto hayakufunguliwa kila mara ili maji yaliyolala yatoke. Na kwamba si kila mgonjwa aliyeshikwa na kichomi mle hospitalini aliyepimwa Legionela. Mambo manne, na hata moja halihitaji akili ya profesa. Ni kazi ya mtu mwenye kipimo, kalamu na saa, ambaye mkubwa wake husoma aliyoyaandika.

Na mwaka ule ule wa 2013, bwana mkubwa aliyesimamia hospitali za idara hiyo katika jimbo lile alipewa tuzo la heshima la watumishi wa Serikali, pamoja na fedha zipatazo dola 63,000. Hatuongezi neno. Kila mwanachama aliyewahi kukatwa mshahara kwa kupoteza ufunguo wa stoo ataipima habari hii kwa mizani yake mwenyewe.

Twayasema haya kwa sababu maneno tunayoambiwa hapa kwetu ni yale yale. La kwanza huwa ni mtambo: utanunuliwa mtambo, na shida itakwisha. Sisi hatupingi mitambo. Shaba na fedha hufanya kazi, klorini hufanya kazi, na iko dawa iitwayo monokloramini iingiayo katika ukoga vizuri kuliko klorini ya kawaida. Lakini mtambo usio na mtu ni sanduku. Neno la pili ni kwamba fedha hazipo, na hata hivyo hospitali mpya yaja, basi ya nini kuhangaika na kuukuu? Kwa hao twajibu kwa jina moja: Stafford. Hospitali ya mji huo wa Uingereza ilifunguliwa mwaka 1983. Mwezi wa Aprili 1985 watu 28 walikufa kwa kijidudu aliyetoka katika maji ya mtambo wa kupoza hewa, juu ya paa la jengo ambalo rangi yake ilikuwa bado mbichi. Upya wa nyumba haumwui mdudu. Na Belfast, mwezi wa Januari 1992? La, si zamani hivyo: ni Januari 2012, vitoto vichanga vitatu vilikufa katika hospitali ya wazazi ya Royal Jubilee kwa bakteria mwingine wa majini, Pseudomonasi, naye alionekana ndani ya bilula za kisasa, zile zenye vipande vingi ndani ambavyo ukoga huvipenda.

Neno la tatu, nalo ndilo linalotuudhi zaidi, ni uzembe wa watumishi wadogo. Hapa yatupasa tuseme kweli yote, hata ile inayotuchoma.

Wanachama wetu wajua jinsi daftari linavyojazwa. Kuna karatasi ya joto la maji, yenye nafasi ya kila siku. Jumatatu hapana mtu aliyepima kwa sababu kipimajoto kimevunjika na kingine kimeagizwa tangu mwaka jana. Jumanne fundi alipelekwa nyumbani kwa bwana mkubwa kutengeneza choo chake. Jumatano hata Alhamisi vivyo hivyo. Ijumaa alasiri yasikika kwamba mkaguzi aja, na karatasi yajazwa mezani, siku tano kwa dakika tano: 60, 60, 59, 60, 61. Ile 59 hutiwa makusudi ili ionekane kweli. Tumeiona karatasi ya namna hiyo katika hospitali moja ambayo hatutaitaja, na aliyeiandika alikuwa mtu mwema, mwenye watoto sita, ambaye alikwisha andika barua tatu kuomba kipimajoto. Twamhurumia, lakini hatumtetei. Karani aandikaye joto ambalo halikupimwa amewafungia mlango wale watakaokuja kutafuta sababu ya vifo. Lau angaliacha nafasi ile wazi, akaandika pembeni “hakuna kipimajoto, barua ya tatu haijajibiwa”, nafasi ile ingalisema kwa sauti kuu kuliko mkutano wetu mzima. Twawaomba wanachama wote waanze desturi hiyo mwezi huu. Nafasi tupu yenye sababu na tarehe si aibu ya mwandishi.

Hapa Pwani tuna shida yetu wenyewe, ambayo vitabu vya Ulaya havikuifikiria. Kanuni yao husema: maji ya moto yawekwe kwa nyuzi 60, na yafike bilulani si chini ya 50, maji ya baridi yawe chini ya 20. Ni kanuni njema kwa nchi zao. Lakini Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ni wapi utakapopata maji ya bomba yaliyo chini ya nyuzi 20? Tangi lililo juu ya paa la bati au zege, jua la saa saba likilipiga, latunza maji katika uvuguvugu ule ule ambao Legionela aupenda. Hatuna baridi ya kutusaidia. Kwa hiyo lililobaki kwetu ni mwendo wa maji, usafi wa tangi na mfuniko wake, kivuli juu ya tangi, na klorini ipimwe mwishoni mwa bomba kule wadini, si pale iingiapo tu. Na kwa hospitali zenye maji ya moto, ile hila ya kupunguza joto ili kubana umeme, au kwa kuogopa kumwunguza mgonjwa, ikome. Joto hupunguzwa karibu na bilula kwa kuchanganya na ya baridi. Halipunguzwi katika tangi, maana tangi la nyuzi 40 ni bustani ya vijidudu.

Tena hapa kwetu ugonjwa wenyewe hauonekani kwa sababu hautafutwi. Katika hospitali nyingi za Afrika ya Mashariki kipimo chake si kazi ya kila siku. Na kijidudu huyu hukaa mwilini siku mbili hata kumi na nne kabla ya kuonyesha dalili. Mzee huingia hospitalini kwa mguu uliovunjika, huogeshwa, hupona, hurudi nyumbani. Siku ya tisa hushikwa na homa na kifua, na siku ya kumi na tano huzikwa. Jamaa husema ni uzee. Hospitali husema aliondoka mzima, na daftari lake latoa ushahidi kwamba ni kweli. Nani atamhesabu?

Twataka, basi, mambo yafuatayo, na twayataka kwa maandishi. Ichorwe ramani ya mabomba ya kila hospitali ya zamani kama yalivyo sasa, si kama yalivyokusudiwa, na wapewe kazi hiyo mafundi wa mahali hapo, ambao wajua bomba lipi lazunguka wapi. Kila kipande kisichotokea kikatwe hata penye njia kuu; kuziba mwisho wake tu si dawa. Kila bilula na manyunyu yasiyotumika yafunguliwe angalau mara moja kila juma, na katika wadi za walio dhaifu mara mbili, nayo yafunguliwe polepole ili fundi mwenyewe asivute matone. Jina la mtu mmoja mwenye cheo na sahihi liandikwe kuwa ndiye mwenye dhamana ya maji. Si kamati, maana kamati haina shingo. Mtu huyo awe na ruhusa ya kufunga chumba cha kuogea bila kungoja barua kutoka makao makuu. Mgonjwa ashikwaye na kichomi akiwa wadini apimwe. Na vifo vikitokea, jamaa waambiwe siku hiyo hiyo. Katika nyumba ya askari wastaafu huko Quincy, Illinois, iliyoanzishwa mwaka 1886, wazee 12 walikufa kwa Legionela mwaka 2015, na siku kadhaa zilipita kabla ya watu wa nje kuambiwa. Jamaa zao walilia kwa ajili ya kifo, kisha wakalia tena kwa ajili ya siku zile.

Mabibi wauguzi wametuuliza je, wao wafanye nini, maana hawana mamlaka juu ya bomba. Twawajibu kwamba wao ndio wajuao bilula ipi hutoa kwanza maji mekundu, na beseni lipi halitumiwi tangu wadi ilipopunguzwa vitanda. Waandike hivyo, watie tarehe, wabaki na nakala.

Barua ya chama juu ya mambo haya imekwisha pelekwa kwa wanaohusika. Jibu likija litachapwa katika ukurasa huu kama lilivyo, bila kupunguza neno; na lisipokuja, tutachapa tarehe ya barua yetu na idadi ya siku zilizopita, toleo hata toleo.